Mdudu Hayumo Kwenye Hati

Ndugu zangu, wanafunzi wa ukaguzi, na ninyi mnaoshinda kutwa milangoni mwa makontena, asanteni kwa kunialika. Naomba nianze na friji.

Mwaka 2020, nchini Australia, mbawakawa wa khapra alikutwa kwenye vifungashio vya friji zilizoagizwa kutoka nje. Huyu ni mdudu wa ghalani, mla nafaka, na ni miongoni mwa wanaoogopwa zaidi na maofisa wa karantini duniani. Nani angemtafuta kwenye friji mpya? Lakini kontena lina maisha marefu: safari hii limebeba nafaka, safari ijayo matairi, baadaye friji. Punje zilizomwagika huzama kwenye nyufa za sakafu, na mabuu wa khapra hujibanza humo humo. Wakikosa chakula hawafi upesi. Hulala, na wanaweza kumaliza zaidi ya mwaka mzima bila kutia kitu mdomoni.

Hati ya mzigo inaeleza kilichopakiwa. Haielezi kilichodandia.

Sisi tumezoea kukimbilia miche, matunda na mbegu, na huko ni lazima tuangalie. Lakini watazameni waliotuumiza. Nyigu wa Asia, anayevizia nyuki mlangoni mwa mzinga, aliripotiwa Ufaransa mwaka 2004, na inaaminika alikuja na shehena ya vyombo vya udongo kutoka China. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa kizazi kile chote huenda kilitokana na malkia mmoja tu aliyefika akiwa amekwisha kujamiiana na madume. Malkia mmoja! Kisha kuna Lycorma delicatula, mdudu mfyonza utomvu wa mimea, aliyegunduliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 2014. Huyu hahitaji mmea ili atage. Jiwe linamtosha, chuma kinamtosha, ubavu wa gari unamtosha, na mayai yake huyapaka utando wa kijivu unaofanana na tope lililokauka. Wangapi kati yetu wangesimama kuchunguza tope?

Mbao za kufungashia ndizo zinazoninyima usingizi. Mwaka 1996, huko Brooklyn, mkazi mmoja aliona miti ya mtaani kwake ina matundu ya mviringo, akadhani ni watoto watundu wameitoboa. Kumbe ni mbawakawa wa Asia mwenye papasi ndefu, yaani vile vipapasio vya kichwani, na inaaminika alikuja ndani ya mbao za mizigo. Mwaka 2002 ikawa zamu ya Detroit, na mbawakawa wa kijani anayeua miti ya jamii ya ash. Waliposoma pete za miti iliyokufa, wakakuta alikuwa ameshaishi pale tangu miaka ya 1990. Ameua mamilioni na mamilioni ya miti tangu hapo. Miaka yote ile ya kimya ndiyo iliyowashinda.

Mwaka huohuo wa 2002 ikapitishwa kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, namba 15: mbao zipashwe moto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe kwa gesi ya kuua wadudu, kisha zigongwe muhuri wenye suke la ngano. Muhuri mkiuona, bado pindueni mbao.

Sasa tuingie kontenani. Mlango ukifunguka, msishushe kitu kwanza. Inama, laza tochi karibu usawa wa sakafu, ili hata kitu kidogo kitoe kivuli. Wadudu wengi hufuata mwanga, kwa hiyo waliokufa mara nyingi utawakuta karibu na mlango. Kisha tandaza karatasi nyeupe, chukua kisu chembamba, kwangua ufa, gonga, na subiri. Subira hiyo wengi hatuna. Khapra huenda asitikisike kabisa, basi tafuta ngozi alizojivua: vipande vya kahawia, vyepesi, vyenye vinyweleo. Kwenye mbao, tundu la mviringo mkamilifu, upana wake karibu sentimeta moja, ni la yule mwenye papasi ndefu. Tundu dogo lenye umbo la herufi D ni la yule wa kijani. Unga wa mbao ukiwa mweupe na bado unadondoka, mwenyewe huenda yumo.

Mitego ya feromoni, yaani harufu ambazo wadudu huitana nazo, ni mizuri, ila kila mmoja humvuta hasa mdudu wake, na kazi yake kubwa ni uwanjani, kwa waliokwisha kutuponyoka. Mbwa hunusa kilichofichika ndani ya mbao ambacho jicho halifiki; Austria wamewafundisha kumtafuta mbawakawa wa papasi ndefu. Na siku hizi vumbi la kontena linaweza kufyonzwa na kupimwa vinasaba. Mimi naipenda sana njia hii, kwa sababu inampata hata aliyejificha. Lakini vinasaba havisemi kama mdudu yu hai au alikufa safari tatu zilizopita, kwa hiyo kisu na karatasi bado vinahitajika.

Na ukimpata, nakusihi, usimponde kwa kiatu. Funga mlango kwanza. Kisha mtie kwenye chupa yenye spiriti, andika namba ya kontena, na uulize mambo mawili kabla meli haijaondoka: lilibeba nini safari zilizopita, na ni makontena gani yaliyopakiwa pamoja nalo.