Mtaala Mmoja, Madarasa Mengi

MTANGAZAJI: Karibuni wasikilizaji. Niko na mwenzangu wa kila wiki, Mwalimu, ambaye alifundisha shule za msingi kwa miaka 22. Tangu Januari 2024 Tanzania imekuwa ikitekeleza mtaala ulioboreshwa, ulioanza na elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi. Mtaala huo umepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na katika sekondari umeweka mkondo huo wa amali kando ya ule wa jumla. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada yangu. Mabadiliko hayo nayapokea kwa mikono miwili, ila nina jambo linaloniuma. Neno "umahiri", ambalo mtaala huu unalisisitiza, si geni kwetu, kwa sababu tangu mwaka 2005 mihtasari ya masomo ilielekeza kwamba mwanafunzi aweze kutenda kwa alichojifunza, asiishie kukariri. Mimi nilikabidhiwa muhtasari huo bila semina hata ya siku moja, nikaandika maazimio ya kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula, kwa maneno mapya huku nikifundisha kwa njia ile ile ya zamani, na watoto waliopita mikononi mwangu miaka ile hawatarudi darasani kwangu.

MTANGAZAJI: Ni nini hasa kilichokuzuia kufundisha kama muhtasari ulivyotaka?

MWALIMU: Tufanye hesabu pamoja. Kiongozi cha mwalimu kilisema niwagawe wanafunzi katika vikundi, wafanye kazi, kisha kila kikundi kiwasilishe. Darasa langu lilikuwa na watoto 96. Ukiweka watoto 6 katika kila kikundi unapata vikundi 16, na ukivipa dakika 2 kila kimoja, uwasilishaji pekee unakula dakika 32 za kipindi cha dakika 40. Zinabaki dakika 8 za kuwapanga, kuwapa kazi, kuifanya kazi yenyewe na kusahihisha. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto ambao wangebaki nyumbani walifika shuleni, na hilo ni jambo la heri ambalo sitaki mtu alilaumu, lakini maelekezo ya vikundi hayakubadilika ingawa darasa lilikuwa limefurika.

MTANGAZAJI: Ukafanyaje?

MWALIMU: Nusu ya darasa walikwenda chini ya mwembe kupima urefu kwa kamba zilizofungwa mafundo, nusu wakabaki ndani wakiandika, kisha wakabadilishana. Kila siku vikundi vitatu tu viliwasilisha, kwa zamu. Utaratibu huo haukuwa kwenye kitabu chochote, na mkaguzi mmoja alinihoji kwa nini andalio langu la somo halifanani na la wenzangu.

MTANGAZAJI: Hapo umegusa suala la idadi. Lakini nchi hii ina tofauti nyingine ambazo kupunguza idadi hakuziondoi, kwa mfano lugha.

MWALIMU: Nitakupa kisa kimoja. Niliwahi kufundisha darasa la kwanza katika shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama iliyo mbali, kwenye eneo la wafugaji, ambako watoto wengi walianza shule wakijua Kimaasai pekee. Tulikuwa tunafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambayo mtaala wa mwaka 2015 uliiweka mbele ya yote kwa darasa la kwanza na la pili. Kijana mmoja alisimama akasoma silabi kwa silabi, "ba-ha-ri", bila kukosea. Nikamwuliza bahari ni nini, akanyamaza. Nikawauliza wenzake, nao wakanyamaza. Katika fomu ya tathmini nilimwandika kwamba anajua kusoma, na fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba hakuelewa alichosoma.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo ungependa kila eneo liwe na mtaala wake? Nina wasiwasi na hilo, Mwalimu. Mtoto wa wafugaji akisomeshwa habari za ng'ombe tu, tutakuwa tumemfungia zizini, na mwenzake wa mjini atakwenda mbele kumwacha.

MWALIMU: Wasiwasi wako ni wa haki, na ndiyo maana siombi mitaala mingi. Naomba umahiri na kiwango vibaki vile vile nchi nzima, lakini neno la kuanzia, mfano na zana viachwe mikononi mwa mwalimu. Mtoto yule aanze na "ndama", afike "bahari" akiwa anajua kwamba herufi hubeba maana. Kupima urefu kunaweza kuanza na nyavu kule Ukerewe na vitenge pale Kariakoo, na wote wakajua sentimita kwa kiwango kimoja. Muhtasari ulioandikwa kwa namna hiyo unamdai mwalimu zaidi, kwa hiyo mafunzo kazini yawe ya kudumu, yafanyike pale pale shuleni walimu wakitazamana wanavyofundisha, badala ya semina ya siku mbili hotelini.

MTANGAZAJI: Na mitihani?

MWALIMU: Mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa, dada yangu. Mtihani wa darasa la saba umetawaliwa kwa miaka mingi na maswali ya kuchagua herufi, na mtoto anaweza kuweka kivuli kwenye herufi sahihi bila kuwahi kushika rula. Umahiri wa kutenda lazima upimwe kwa kutenda, hata kama ni sehemu ndogo ya alama.

MTANGAZAJI: Mkondo wa amali nao unanikumbusha Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Kazi ilikusudiwa iwe sehemu ya somo, lakini katika shule nyingi shamba likawa jembe tu, na hakuna aliyerudi darasani kuzungumzia udongo wala mavuno.

MWALIMU: Ndiyo hatari ninayoiona pale ambapo karakana haijajengwa. Mwanafunzi wa amali asiye na patasi wala mbao atanakili majina ya vifaa ubaoni, kama yule kijana alivyonisomea "bahari".

MTANGAZAJI: Wiki ijayo tutaanza na karakana hizo: gharama zake, na jinsi shule jirani zinavyoweza kutumia moja kwa zamu.