Pikapu Yako Inashikwa Wapi?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimefurahi kuona madereva, matanboi na mafundi tumekaa pamoja hapa Malindi, maana jambo hili la gari kunywa mafuta mengi tumelaumiana sana. Dereva anasema fundi kaharibu, fundi anasema gari limezeeka, mwenye gari anasema dereva anauza mafuta. Kila tarehe 14 bei mpya ikitangazwa, lawama zinaanza upya.

Mimi nashikilia hivi: pikapu kuukuu ikinywa sana, usikimbilie kulaumu uzee. Tafuta kinachoishika.

Nililijua hilo kwa mkono wangu. Nilikuwa natoka Gongoni na shehena ya chumvi. Kufika Mambrui nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikasimama, nikazunguka nikigusa rimu moja moja. Tatu zilikuwa vuguvugu tu. Ile ya nyuma kushoto, kidole hakikukalika. Waya wa handibreki ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ala yake, breki hairudi. Kumbe muda wote ule nilikuwa nanunua dizeli ya kusugulia dramu ya breki! Sisi wa pwani chumvi iko hewani, na wengine tunaibeba nyuma. Basi kila mwisho wa safari shuka, sogeza mkono karibu na kila rimu, taratibu usije ukaungua. Iliyo moto kuliko wenzake inakuambia kitu.

Kuna upepo pia. Mvuvi wa hapa anajua taabu ya kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, wakati wa kusi, ule upepo utokao kusini, lakini akishika usukani wa gari anasahau. Ukitoka mwendo wa 80 kwenda 100, umeongeza robo tu. Ila nguvu ya upepo unaokukinza imezidi kwa zaidi ya nusu. Na ukielekea Mombasa mwezi wa Julai, kusi ikikupiga usoni kilomita 20 kwa saa, ile 80 yako kwa upepo ni 100 tayari. Turubai lililolegea likipigapiga nyuma ni tanga linalokuvuta kinyume. Likaze. Keria tupu iteremshe.

Sasa mguu. Pikapu yenye uzito wa tani mbili, kuitoa ilipo mpaka ifike 80 unachoma dizeli ya kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa tungu, mbali na ile ya kupambana na upepo na barabara. Ukiifikisha 80 halafu ukakanyaga breki mbele ya tuta, kikombe kile umekimwaga chini. Vikombe ishirini ni lita. Tuta unaliona toka mbali, na matuta ya njia yako unayajua kama mlango wa kwako. Ondoa mguu mapema, gari lijiendee.

Mzee wangu pale mbele ameuliza kuhusu kuweka fri, yaani kutoa gia, kwenye mteremko. Mzee, kwa injini zetu hizi za dizeli, 2L na 3L za Toyota au 4JA1 ya Isuzu, ukiacha gia ndani na kuinua mguu, pampu inafunga dizeli yenyewe, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini inaomba dizeli ili isizimike. Hupati faida. Na anayezima kabisa, breki inamgeukia ngumu kama jiwe. Nakuombeni sana, jambo hilo tuliache.

Mafundi, nanyi msiudhike nami. Ile desturi ya kung'oa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti pwani kuna joto, inatuumiza. Injini inataka maji yawe kati ya digrii 80 na 90. Ikikaa baridi inachoma vibaya na inalika. Ikiwa inachemsha, zibua rejeta.

Magurudumu sitayaelezea sana: yapime asubuhi yakiwa baridi, na kama uliyapunguza upepo ili upite mchangani, yajaze kabla ya kurudi kwenye lami.

Na pimeni. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita, fanya kazi zako, jaza tena palepale, gawanya kilomita kwa lita. Fanya mara tatu, maana mara moja inadanganya.

Nje nimeziona pikapu tano, na uwanja uko tambarare. Tutoke tukaziweke fri, watu wawiliwawili, tuone ipi inakataa kusukumika.