Jogoo wa Singida Anayewika Tabata

ZUHURA: Haya jamani, habari za huko mliko. Zuhura hapa, na huyu mbele yangu mwenye macho mekundu utadhani kamenya gunia zima la vitunguu, ni Baraka. Leo mnaosikiliza mmekosa sura tu.

BARAKA: Nimelala saa tatu kwa siku mbili. Nionee huruma.

ZUHURA: Huruma baadaye. Kwanza waeleze watu, Jumatano saa nne asubuhi ulikuwa wapi, mwenzio nimekaa hapa na maiki nakusubiri?

BARAKA: Nilikuwa kwenye daladala.

ZUHURA: Linalokwenda wapi?

BARAKA: Hapo ndipo penye kesi. Nimepanda Segerea, nashuka Mnazi Mmoja. Nikapata siti ya dirishani, nikaegemea kioo. Kushtuka, namwona yule fundi viatu wa karibu na kwangu. Nikasema moyoni, mbona gari halijaondoka? Konda akanigonga bega: "Braza, tumeshaenda, tumesharudi." Na nauli ya kurudi akanidai.

ZUHURA: Ukalipa?

BARAKA: Nikalipa. Nibishane naye vipi na udenda umefika kwenye kola?

ZUHURA: [anacheka] Sasa ndiyo maana leo tunazungumza usingizi. Wapo wengi wametutumia ujumbe kwamba wanakesha mpaka majogoo. Nimekaa na shangazi yangu muuguzi, kanipa mambo manne, nimeyaandika kwenye karatasi hii hapa. Tuanze na...

BARAKA: Ngoja. Umesema majogoo. Mimi yangu si majogoo, ni jogoo. Mmoja. Na jina analo.

ZUHURA: Mungu wangu. Diwani?

BARAKA: Diwani. Mlioanza kutusikiliza juzi, Diwani ni jogoo wa jirani yangu. Mwekundu, mkia mweusi, kidole kimoja cha mguu hana. Aliletwa kutoka Singida Desemba iliyopita, kafungwa miguu juu ya buti la basi, aliwe Krismasi. Krismasi ikapita na Pasaka ikapita, yeye yupo. Watoto wakamwita Diwani kwa sababu anaongea sana na hajawahi kufanya kitu.

ZUHURA: Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini.

BARAKA: Wahenga hawakupanga Tabata! Saa tisa na nusu usiku, Zuhura. Giza totoro. Dirisha langu na banda lake vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Anajikohoza kwanza, krrr, halafu ndiyo anaachia.

ZUHURA: Anajikohoza?

BARAKA: Anasafisha koo. Huo mkohozo ndio unaoniua, maana najua kinachofuata.

ZUHURA: Lakini hapo humwonei kidogo? Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, mwaka 2013 waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu muda wote, hakuna kucha wala kuchwa. Wakaendelea kuwika kwa saa zao. Saa iko mwilini. Na kwa kawaida huanza kama saa mbili hivi kabla ya mwanga. Hesabu mwenyewe, Dar kunapambazuka saa kumi na mbili kasoro, saa tisa na nusu hajakosea sana.

BARAKA: Kwa hiyo yeye saa yake nzima, mimi ndiye mbovu.

ZUHURA: Subiri utamu. 2015 walewale wakaona kwamba kwenye kundi, anayeanza kuwika ni mkubwa wao. Wadogo wanasubiri, wanafuata kwa vyeo.

BARAKA: [kimya] Diwani ndiye anayeanza.

ZUHURA: [anacheka sana]

BARAKA: Wallahi! Anaanza yeye, halafu wa nyumba ya bluu, halafu kuna mmoja mbali kule upande wa Kimanga, sauti yake nyembamba kama anaomba ruhusa. Kumbe kata nzima ni yake!

ZUHURA: Uchaguzi ukifika hapiti mtu hapo. Mpeleke mahakamani basi. Ufaransa wamefanya, mwaka 2019, kisiwa cha Oléron. Jogoo anaitwa Maurice, majirani wenye nyumba yao ya mapumziko wakamshtaki mwenye jogoo kwamba anawakatisha usingizi. Kesi ikasikilizwa na mahakama ya Rochefort.

BARAKA: Wakashinda?

ZUHURA: Wakashindwa, na wakaamriwa walipe yuro 1,000. Na mwaka 2021 Ufaransa ikapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za shamba.

BARAKA: Usimwambie mama mwenye Diwani.

ZUHURA: Turudi kwenye karatasi yangu. La kwanza...

BARAKA: Alishawahi kutaka kuniuzia, unajua? Elfu arobaini.

ZUHURA: Nani, Diwani? Na hukununua?

BARAKA: Elfu arobaini kwa jogoo mwenye kidole pungufu?

ZUHURA: Baraka, tulia nikuulize taratibu. Huyo jogoo anawika saa tisa na nusu. Wewe unaamka saa ngapi?

BARAKA: Ndiyo hiyo saa tisa na nusu.

ZUHURA: Muongo. Jumapili ulinitumia ujumbe wa sauti saa nane na dakika kumi usiku, unaniuliza kama nimelala. Nilikuwa nimelala.

BARAKA: Ile ilikuwa siku moja.

ZUHURA: Jumatatu saa nane na robo. Jumanne picha ya dari. Ninazo zote humu kwenye simu. Jogoo hakuamshi, kaka yangu. Anakukuta macho.

BARAKA: Hapana. Hapana, hapo nakataa. Naamka saa nane kwa sababu najua saa tisa na nusu anakuja. Mwili unamsubiri. Kama mtu mwenye mdeni... samahani, kama mdeni anayejua siku ya kudaiwa.

ZUHURA: Na kwenye daladala? Spika iko chini ya siti, konda anapiga bati, honi, wauza maji madirishani, umekwenda mjini na kurudi hujapepesa. Mtu wa hivyo anaamshwa na kuku?

BARAKA: Kwenye daladala sikuwa nautafuta usingizi! Ukiutafuta unakimbia. Kitandani nimelala nauangalia, "njoo," hauji. Kwenye gari nawaza kuwahi kazini, huo umekuja.

ZUHURA: Hilo nakupa, hata shangazi alisema, anayelazimisha usingizi anajikaza mwili mzima. Ila umekuja pia kwa sababu una deni la siku tatu. Na ukishakula usingizi asubuhi, usiku unabaki na nini? Halafu kahawa.

BARAKA: Kahawa imeingiaje?

ZUHURA: Kijiweni kwenu, kahawa chungu, saa mbili usiku. Vikombe vingapi?

BARAKA: Viwili. Vitatu kukiwa na mpira. Lakini vile vikombe, Zuhura, kama kijiko!

ZUHURA: Kijiko cha kahawa iliyochemka tangu alasiri. Kwa mtu mzima nusu ya ile kafeini inachukua kama saa tano kutoka mwilini. Ukinywa saa mbili, saa saba usiku nusu ingali inatembea humo ndani.

BARAKA: Babu yangu alikunywa kahawa chungu kila jioni na kashata, akalala kama gogo mpaka anafariki.

ZUHURA: Babu yako alilima mchana kutwa. Wewe umekaa kwenye kiti.

BARAKA: Sawa, tuseme nimeamka saa nane. Nifanye nini sasa?

ZUHURA: Utoke kitandani. Ukiona zimepita kama dakika ishirini huna usingizi, unatoka, unakaa mahali penye mwanga mdogo, unafanya kitu cha kuchosha, bila simu. Usingizi ukirudi ndiyo unarudi. Kitanda kisizoee kukuona macho. Na asubuhi unaamka saa ileile hata kama umelala kidogo.

BARAKA: Nitoke niende wapi?

ZUHURA: Sebuleni.

BARAKA: Zuhura. Nina chumba kimoja na pazia. Upande huu wa pazia kitanda, mke wangu na mtoto. Upande ule kabati, jiko la gesi na ndoo. Nje kuna mbu, na mlinzi wa mtaa anayepiga filimbi akiona mtu kasimama gizani. Hao wanaotoa ushauri wana nyumba zenye veranda.

ZUHURA: Kaa kwenye kiti, upande wa kabati.

BARAKA: Nikikaa kwenye kiti gizani mke wangu akiamka atapiga kelele, atadhani ni mchawi. Mimi nabaki kitandani. Kulala macho nako ni kupumzika. Mama yangu alituambia hivyo: fumba macho, mwili unapumzika.

ZUHURA: Mwili unapumzika, kichwa kinapiga hesabu za kodi.

BARAKA: Si bora kipige nikiwa nimejilaza?

ZUHURA: Si bora! Ndicho hicho kinachokifundisha kitanda kuwa ofisi! Hata madaktari wa Marekani, chama chao kile cha matabibu wa watu wazima, mwaka 2016 walisema mtu mwenye tatizo sugu aanze na kubadili mazoea ya kulala kabla ya vidonge.

BARAKA: Walisema watu wa chumba kimoja wafanyeje?

ZUHURA: [kimya]

BARAKA: Nasubiri.

ZUHURA: Nimesema kiti.

BARAKA: Na mimi nimesema pazia.

ZUHURA: Umekuwa mbishi kuliko Diwani. Na vile vidonge vya mafua alivyokupa shemeji yako ili ulale, usinifiche.

BARAKA: Nilimeza siku moja. Kesho yake nikaweka chumvi kwenye chai ya mtoto. Sirudii.

ZUHURA: Afadhali. Jamani, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Karatasi yangu ina mambo manne, nimesoma... sijasoma hata moja. Haya, haraka. La kwanza, kahawa...

BARAKA: Kahawa tumeshaisema.

ZUHURA: La pili, kutoka kitandani.

BARAKA: Hilo tumekataa.

ZUHURA: Umekataa wewe! La tatu, hili ni muhimu, kama hulali angalau usiku tatu kila wiki, na imefika miezi mitatu, hilo si la jogoo, nenda kituo cha afya ukaseme. Pia kama mwenzio anakwambia unakoroma halafu unakata pumzi. La nne...

BARAKA: Diwani alikuja Desemba. Ni zaidi ya miezi mitatu.

ZUHURA: Ndiyo nakwambia!

BARAKA: Mimi nahesabu umri wa jogoo tu.

ZUHURA: Muda umekwisha, ananizimia maiki. La nne tutalisema siku nyingine. Baraka, unarudi na gari gani?

BARAKA: La Segerea.

ZUHURA: Siti ya dirishani usikae.