Mkasi wa Cre na herufi zake 34

Haya jamani, walio nyuma sogeeni, viti huku mbele vipo. Leo naongelea kitu kimoja tu, mkasi wa kukata DNA, unaitwa Cre.

Cre ni kimeng'enya cha kirusi P1, kirusi ambacho hakina habari na binadamu, kazi yake kushambulia bakteria. Mwaka 1988 Brian Sauer na mwenzake, pale kampuni ya DuPont Marekani, wakakitia kimeng'enya hicho kwenye seli za panya na kikafanya kazi, na hebu fikiria, bakteria na panya wapi na wapi!

Sasa mkasi huu haukati ovyo. Unatafuta maandishi ya herufi 34 za DNA yanaitwa loxP, cheki ubaoni: ATAACTTCGTATA, hizo 13, halafu 8 za katikati, halafu zile 13 tena, ila zimeandikwa kinyumenyume kwenye uzi wa pili wa DNA. Panya maandishi hayo hanayo, unamwekea wewe.

Zile 8 ndo mshale, na hapa ndo utamu ulipo. Weka loxP mbili, mishale ikiangalia upande mmoja, kipande cha kati kinachomoka kinajikunja kama bangili, kinapotea. Mishale ikiangaliana hakitoki, kinageuzwa tu, kichwa kinaenda miguuni. Zikiwa kwenye kromosomu mbili tofauti zinabadilishana mikia. Mimi nilishaweka mshale mmoja kinyume, miezi mitatu nasubiri jeni itoke kumbe inageuka, inarudi, inageuka tena, kila nikipiga PCR, kile kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili ukione, naona mistari miwili nabaki nakuna kichwa.

Kwanini ujisumbue hivyo? Chukua BRCA1, ile jeni ambayo ikiharibika inaleta saratani ya matiti. Ukiifuta tangu mwanzo kitoto cha panya kinafia tumboni, hujajifunza kitu. Ila ukiizungushia loxP halafu Cre ukaiwasha kwenye matiti peke yake, panya anazaliwa mzima, anakua, uvimbe unakuja baadaye sana na wewe upo unaufuatilia.

Na siku ya kukata unaweza kuipanga. Cre inaungwa na kipande cha kipokezi cha estrojeni, ile homoni ya kike, inakaa nje ya kiini cha seli imeduwaa, mpaka umpe panya tamoksifeni, ndiyo hiyo hiyo dawa wanayopewa wagonjwa wa saratani ya matiti, ndo inaingia kazini. Ila zingine zina kiherehere, zinakata kabla hujatoa dawa, kwa hiyo usiache kuweka panya wa pembeni ambaye hujampa chochote, ukimkuta naye kakatwa ujue majibu yako yote yana walakini.

Haya, mkono ule kule nyuma, uliza.