Juni ya Bungeni, Juni ya Salfa

MPWA: Hamjambo wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo. Feni ya chumba hiki bado inalia, mtuvumilie. Mjomba kashuka jana kutoka Newala na kiroba cha mihogo, kwa hiyo leo simpingi sana.

MJOMBA: Utanipinga tu, nakujua. Shikamoo zenu wakubwa, na wadogo marahaba.

MPWA: Swali la leo limeulizwa na wengi. Mkulima wa korosho anamfikiaje mbunge sheria ikiwa bado haijapita?

MJOMBA: Maana ikishapita tunawafikia vizuri sana. Kwa matusi.

MPWA: Mjomba!

MJOMBA: Nadanganya? Kumbuka 2018. Korosho ghafi ikitoka nchini inatozwa ushuru, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Zamani sheria ilisema asilimia 65 ya fedha hiyo irudi kwenye zao lenyewe, 35 iende Hazina. Salfa ya kupulizia mikorosho, miche, utafiti wa kilimo wa pale Naliendele, vyote vilitegemea hapo. Juni ile ukaja Muswada wa Sheria ya Fedha, na ndani yake kifungu kinachoiondoa ile 65 yetu.

MPWA: Na wabunge wa Kusini walisimama, tuwape haki yao. CCM kwa upinzani, walisema kwa sauti moja.

MJOMBA: Walisema, na muswada ukapita. Mimi wabunge siwalaumu hapo. Naulizia sisi. Walipokuwa wanasimama, nyuma yao walikuwa na karatasi gani kutoka kwetu? Hesabu ya nani? Mbunge anasimama na hasira ya jimbo, Waziri wa Fedha anasimama na majedwali. Nani atashinda?

MPWA: Na baadaye mwaka ule ule, Oktoba, wakulima wakagoma kuuza mnadani kwa sababu ya bei, mpaka Novemba Rais Magufuli akaamuru jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

MJOMBA: Unaona sasa? Kugoma tunajua. Oktoba ukituita mnadani tunajaa hadi nje. Lakini Oktoba hakuna muswada.

MPWA: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Nimeipanga kalenda ya Bunge pembeni ya kalenda ya shamba. Bajeti kuu inasomwa katikati ya Juni. Muswada wa fedha unakwenda Kamati ya Bajeti, wadau wanaalikwa kutoa maoni, na kabla Juni haijaisha umeshapita. Tarehe 1 Julai sheria inaanza kazi. Yaani dirisha lenyewe ni kama wiki mbili. Sasa niambie, wiki hizo mbili wewe uko wapi?

MJOMBA: Juu ya mkorosho, nusura niseme. Juni mikorosho inachipua na kutoa maua, na ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, haungoji kamati. Unaamka saa tisa usiku, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala, maana jua likitoka salfa inapeperuka yote kwa jirani. Mota ya kupulizia mgongoni, kitambaa puani, macho yanawasha. Mmoja anapuliza, mwingine anatangulia na tochi. Unarudi asubuhi wa njano kama umetoka kwenye debe la manjano. Halafu mtu aniambie nipande basi niende Dodoma nikatoe maoni kuhusu jedwali la pili!

MPWA: Kutoka hapa mpaka Dodoma kwa kupitia Dar ni karibu kilomita 1,000.

MJOMBA: Na mota nimwachie nani?

MPWA: Lakini vyama vikuu vya ushirika si vipo? TANECU ya kwenu huko Newala na Tandahimba, MAMCU ya Masasi, Nanyumbu na Mtwara, RUNALI kule Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao. Hao hawapulizi salfa. Wana ofisi.

MJOMBA: Waende, sawa. Waende na nini? Wewe mwenyewe mkutano mkuu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, unaujua. Ajenda ya kwanza malipo, ya pili makato, ya tatu malipo tena. Hakuna aliyewahi kuniuliza, "Mzee, unataka kifungu kipi kibadilike?" Mjumbe akifika Dodoma atasema anayoyafikiri yeye.

MPWA: Kwa hiyo mimi nasema tuiache Juni. Juni ni ya kusikiliza waliokwisha kuamua. Wizara ya Fedha inapokea mapendekezo ya kodi kutoka kwa wadau miezi mingi kabla ya bajeti. Januari na Februari wewe unafanya nini?

MJOMBA: Napalilia. Mvua imeshika. Lakini korosho imeshauzwa, fedha imeingia au tunaidai, wabunge wanapita vijijini. Hapo, kweli, nafasi ipo.

MPWA: Basi karatasi iandikwe Januari.

MJOMBA: Nimekuelewa. Ila usiishie Dodoma, mpwa. Kuna sheria zinazotuumiza ambazo hazikutungwa hapa kabisa. Mbaazi!

MPWA: Agosti 2017.

MJOMBA: Umeisoma, mimi nilikuwa nayo ndani kwenye magunia. India ikatangaza kwamba mbaazi zote kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Huku kilo ikaanguka hadi hailipi hata nguvu ya kuvuna. Watu wakaziacha shambani ng'ombe wale.

MPWA: Sasa sikiliza kinachoniuma. Julai 2016, mwaka mmoja kabla, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alifika Maputo. Msumbiji wakasaini naye makubaliano ya kununuliwa jamii ya kunde, mbaazi zikiwemo, kuanzia tani 100,000 kwa mwaka na kupanda hadi 200,000. Siku chache baadaye akawa Dar es Salaam. Kuuza kunde India kukazungumzwa pia, ila tani zilizoandikwa na kusainiwa hatukuzipata. Mlango ulipofungwa, ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wakawa na karatasi mkononi.

MJOMBA: Loo. Mto mmoja, mbaazi zile zile.

MPWA: Na ukitaka kujua kwamba serikali ikiamua inaweza, Aprili 2025 Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kuingia nchini, kwa kuwa nao walizizuia bidhaa zetu, ndizi zikiwemo. Siku chache tu zuio likaondolewa, wakakaa mezani.

MJOMBA: Ndizi zina wenyewe. Mbaazi za 2017 zilikuwa na nani?

MPWA: Tumalizie na viwango vya ubora, muda unakwisha. Mnunuzi wa Vietnam au India haangalii korosho ya Mjomba, anaangalia shehena. Unyevu ukizidi, bei inashuka kwa wote.

MJOMBA: Hapo nina neno. Mimi naanika jamvini siku kadhaa, nachambua, ya daraja la kwanza mbali na ya pili mbali. Jirani anauza kwa kangomba, yaani kwa magendo, bakuli kwa bakuli, na yule wa kangomba anazipeleka mbichi ghalani kwa jina la mtu. Kisha ghala linasema mzigo umepungua uzito, tukatwe unyaufu. Wote! Kuna chama, sikitaji, kilitukata hivyo na hakuna aliyeonyeshwa kipimo.

MPWA: Kwa hiyo ungeandika nini kwenye karatasi ya Januari?

MJOMBA: Mstari mmoja. Unyevu upimwe mbele yangu siku ninayokabidhi, namba iandikwe kwenye stakabadhi yangu. Ikipungua baada ya hapo, alipe mwenye ghala.

MPWA: Mwenye ghala atasema korosho hukauka yenyewe.

MJOMBA: Aje aseme mbele ya kamati, na mimi nitakuwepo.

MPWA: Nauli anatoa nani? Maana kuna msikilizaji kapendekeza kila mwanachama achangie shilingi kidogo kwa kilo, ziwe za kupeleka wajumbe na kumlipa mwanasheria wa kusoma miswada.

MJOMBA: Makato mengine tena?

MPWA: Makato ya kupinga makato.

MJOMBA: Mkutanoni nitapinga, wanizoee. Wakinishinda nitatoa, lakini nataka risiti, na nataka jina la huyo mwanasheria kabla hajapanda basi.