Toeni Jiwe Mlangoni

Assalaamu alaykum. Mafundi wenzangu, wazee wangu, na nyinyi mameneja na washika stoo mlioitika wito, ahsanteni. Bawaba ni nini sitakuelezeni. Kila aliyekaa kitako hapa ama amewahi kufunga bawaba, ama amemlipa mtu amfungie. Mimi nimekuja kusema habari ya jiwe, na ya bawaba itakayoliondoa, ile inayoufunga mlango wenyewe na pia kuushika wazi ukitaka.

Jiwe hilo mnalijua. Liko kwenye mlango wa kila duka lenye kiyoyozi. Asubuhi linasukumwa kwa mguu lizuie mlango, mchana linasukumwa tena lirudi ukutani. Kwengine ni tofali, kwengine kopo la rangi lililojazwa saruji. Kila nikiliona najiuliza: mwenye mlango huu alinunua bawaba za nini? Kama alitaka mlango ujifunge, jiwe linafanya nini hapa? Kama alitaka ukae wazi, springi ya nini? Mwenyewe alitaka vyote viwili, kila kimoja kwa saa yake, akauziwa kimoja. Nimeyasema haya mjini, nimeyasema Chake Chake, nimeyasema Wete, na leo nayasema tena kwa sababu jana tu nimepita mbele ya jiwe jengine.

Sasa nikupeni kisa. Walionisikia kabla wanakijua, wanivumilie.

Kuna duka la dawa la jumla, jina lake halina haja. Nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, ukuta unene wake unapita nusu mita. Mlango wa ndani, baina ya mbele na stoo, ni wa msaji mzima, kwenda juu mita 2.1, upana sentimita 90, unene sentimita nne na nusu. Mlango kama huo ni kiasi cha kilo 55. Nasema kilo kwa sababu dukani mnanunua bawaba kwa kuangalia inavyong'aa, hamuulizi inabeba nini. Stoo ina kiyoyozi, maana dawa nyingi zimeandikwa zisiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na hapa petu mwezi wa pili nyuzi hizo zinafika bila ya kuitwa. Basi mlango lazima ujifunge. Walitia bawaba za springi, na hapo hawakukosea.

Niliitwa mara ya kwanza, bawaba ya juu imeng'oka. Skurubu zilikuwa nne. Mbili zimetoka nzima na unga wa mbao umeganda kwenye meno, moja imekatika kichwa, ya nne imepinda kama ndoana. Nikaziba matundu kwa vijiti na gundi, nikatia skurubu ndefu zaidi, nikaenda zangu. Miezi mitatu haikwisha nikaitwa tena, bawaba ile ile. Nikabadilisha. Mara ya tatu nikamwambia mshika stoo, "Mwanangu, leo sifungui mkoba wa vyombo. Nipe stuli nikae."

Nikakaa tangu saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo likaja gari la mzigo. Kijana wa kwanza katia boksi begani, kaupiga mlango kwa mguu, kapita, mlango ukamrudia mgongoni. Wa pili, naona yeye ni mzoefu, alisimama, akatoa mfukoni kipande cha ubao, akakipachika upande wa bawaba, kwenye ule mwanya baina ya mlango na mwimo. Mlango ukasimama. Na kila aliyefuata akausukuma kidogo kwa bega apate nafasi ya boksi lake.

Hebu tupige hesabu. Kile kipande cha ubao kilikaa sentimita 5 kutoka kwenye bawaba. Bega linasukuma ukingoni, sentimita 90 kutoka kwenye bawaba. Tisini kwa tano ni mara 18. Kijana akisukuma kwa nguvu ya kilo 5 tu, skurubu zinavutwa kwa kilo 90. Ule mlango ulishageuzwa mtaimbo! Ungetia skurubu za urefu wa shibiri, zingeng'oka.

Sikumlaumu yule kijana na wala nyinyi msije mkawalaumu vijana wenu. Mtu ana mzigo begani, mikono yake yote miwili ina kazi. Mlango usiposimama wenyewe, atatafuta cha kuusimamisha. Mkinyang'anya ubao, mtakuta jiwe. Mkitupa jiwe, mtakuta boksi la dawa zenyewe.

Kwa hivyo nikashauri bawaba za kujifunga zenye kituo. Kituo ni jina ninalotumia mimi: ukiufungua mlango ukafika digrii 90, ndani ya bawaba kuna kitu kinakaa mahali pake, na mlango unabaki pale pale. Ukiusukuma kidogo kurudi, unaachia na kwenda kujifunga. Ukiufungua kidogo tu ukapita, haufiki kwenye kituo, unajifunga kama kawaida. Mpitaji wa kawaida habadilishi chochote. Mwenye mzigo anausukuma mpaka mwisho, anaingiza maboksi yake, na akimaliza anaugusa kwa nyonga.

Nikazifunga. Hazikushika! Nikaufungua mlango mpaka mwisho, nikauachia, ukarudi. Mwenye duka ananitazama. Nikachukua kipimo cha pembe: mlango unafika digrii 85 na hauendi zaidi. Fremu imekaa ndani ya unene wa ukuta, na mkono wa kitasa unatangulia kugonga ukuta kabla mlango haujafika 90. Digrii tano! Hapo nilikosa mimi, nilinunua bawaba kabla ya kupima mlango unafunguka hadi wapi. Nikautoa ule mkono, nikatia wa kuzama ndani ya ubao, mlango ukafika, kituo kikashika. Toka siku ile sijaitwa tena kwenye mlango ule.

Nyumba zetu za mjini zote zina hatari hiyo. Ukuta mnene, rafu nyuma ya mlango, ngazi inaanza pale pale. Pima kwanza. Na timazi uje nayo. Fremu ya miaka mingi imeshalala, na mlango kwenye fremu iliyolala una safari yake wenyewe, ama unajifungua ama unajifunga, na utailaumu springi bure.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, "Wazee wetu walitia kulabu ukutani, ikatosha." Ni kweli. Na milango yao mikubwa haikuwa hata na bawaba, ilizunguka juu ya vigingi chini na juu, mbawa mbili na mfaa katikati. Lakini mlango ule haukutakiwa ujifunge wenyewe, alikuwepo mtu wa kuufunga. Kulabu inataka mkono wa kuitia na mkono wa kuitoa, na mwenye boksi mkono hana. Akishaitia anaisahau, kiyoyozi kinapoza barabara mpaka magharibi.

Ila pana mahali ninawapa wazee haki yao: mlango unaotazama upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, na kusi likishika upepo huo si kitu, unausukuma mlango kama ule niliousema kwa nguvu ya kiasi cha kilo 11. Bawaba yenye kituo haikutengenezwa kushindana na kusi. Itaachia, mlango utabamiza, na siku moja utabamiza vidole vya mtoto. Kwenye mlango wa nje wa ufukweni tieni kituo na kulabu pia, au geuzeni upande wa kufungukia. Hilo la kugeuza hamlifikirii kabisa, na ni la bure mlango ukiwa bado uko kwa seremala.

Bei? Ndiyo, ni ghali kuliko springi tupu. Lakini yule bwana wa dawa alishanunua bawaba mara mbili na kunilipa mimi mara tatu kabla ya kununua hiyo ya ghali.

Mwenyekiti ananionesha saa. Niende mbio.

Springi tupu inaharakisha mlango kila unapokaribia kufunga. Bawaba za mafuta zina springi na mafuta pamoja, na parafujo ya kupunguza mwendo. Marekani, kwa ajili ya watu wenye ulemavu, sheria inataka mlango wenye mashine ya kufungia uchukue si chini ya sekunde 5 kutoka digrii 90 mpaka 12, na wenye bawaba za springi si chini ya sekunde moja na nusu kutoka 70 mpaka kufunga. Kwetu kwenye hospitali na skuli tuhesabu hivyo hivyo. Milango ya vioo muwaachie mafundi wa aluminiamu na mashine zao za kufungia zinazozikwa sakafuni, nyingi zina kituo cha digrii 90 tayari. Mashine za kufungia za kipimo cha Ulaya zina namba 1 hadi 7 za nguvu: namba 3 ni ya mlango wa mpaka kilo 60 na upana wa sentimita 95, namba 4 ni mpaka kilo 80 na sentimita 110. Someni namba kabla hamjalipa.

La moto siliachi hata nikitolewa ukumbini. Mlango wa kuzuia moto, ule wa kwenye ngazi na ukumbi mrefu wa hoteli, usitiwe kituo. Usitiwe kabisa! Kazi yake ni kuzuia moshi, na moshi unamuua mtu kitandani kabla moto haujamfikia. Nimeingia hoteli moja nikakuta mlango huo umezuiwa kwa mtungi wa kuzimia moto. Mtungi mwekundu, umelazwa chini, na pini yake iko. Nilisimama pale nikashindwa hata kumwita meneja. Kama lazima mlango huo ukae wazi, kuna sumaku ya umeme inayoushika na kuuachia king'ora kikilia. Mtaniambia umeme ukikatika milango yote inajifunga. Ndivyo ilivyokusudiwa, na waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua umeme unaweza kukatika kiasi gani. Usiku wa kiza na majenereta ndio unaoutaka mlango ule umefungwa. Mkiwa na shaka mlango gani ni upi, waiteni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi waje waangalie.

Chumvi. Karibu na bahari tafuteni stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya aina ya 316, ina madini ya molibdeni asilimia 2 hadi 3 na inastahamili chumvi kuliko aina ya 304. Sumaku itakuonesha chuma kilichopakwa rangi ya fedha, lakini 304 na 316 haitakutenganishia, hapo soma alama kwenye bawaba. Na skurubu ziwe za chuma hicho hicho. Ukitia skurubu za kawaida kwenye bawaba ya stenlesi, zitaliwa zao kwanza na bawaba itabaki inang'aa haina kinachoishika. Habari ya kufunga bawaba tatu na ipi iwe ya springi nimeiacha, mniulize nje.

Mlango wa mfano uko pale, niliuleta na fremu yake. Wewe kijana wa mbele, chukua hiyo alenki, huo ufunguo wa pembe sita. Kaza zamu moja ile bawaba ya juu, moja tu. Haya, sasa ufungue. Taratibu. Taratibu, usiusukume. Endelea... hapo! Umesikia? Uachie mkono.