"Sijakasirika!": Mhadhara kuhusu ulinganifu wa nafsi

Asanteni. Kaeni, kaeni. Kabla sijaingia humu, kijana mmoja wa mwaka wa pili amenisimamisha mlangoni akaniambia, "Mwalimu, mimi siku hizi nina ulinganifu. Nikichukizwa na mtu namwambia papo hapo." Nimemjibu tutaonana ndani. Basi naanza na yeye, maana neno hili nimelifundisha miaka mingi, na kila mwaka linageuzwa kibali cha kutukana watu. Ulinganifu si kukosa breki ya mdomo. Ni ya ndani yako na ya nje yako kukubaliana, bila wewe kujificha mwenyewe.

Tuchukue mtu mnayemjua wote. Watu wawili wanabishana barazani. Mmoja mishipa ya shingo imemsimama, sauti imepanda, kidole kinakaribia kumtoboa mwenzake jicho. Mwenzake anamwambia, "Basi ndugu yangu, usikasirike." Naye anafoka: "Nani kakasirika? Mimi sijakasirika!" Baraza zima linacheka. Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani tunayemsoma muhula huu, alikuwa na mfano wa namna hiyo hiyo. Je, mtu huyu anadanganya? Hadanganyi, na ndiyo maana nawaomba msimcheke. Hasira imemjaa mpaka masikioni, lakini mwenyewe hana habari nayo. Wote wameiona isipokuwa yeye.

Sasa mchukueni mgeni aliyekaa karamuni tangu magharibi. Usingizi unamwelemea, maongezi yamemchosha, na wakati wa kuaga anamwambia mwenye nyumba, "Leo nimefurahi kwelikweli." Huyu anajua kachoka. Ameficha tu. Kwa hiyo kuna mambo matatu: linalotokea ndani yako, unalolitambua katika hilo, na unalompa mwenzako. Yakikubaliana yote matatu, huo ndio ulinganifu. Yasipokubaliana, pana ufa. Mgeni wetu ufa wake uko nje, kati ya anachokijua na anachokisema. Mbishi wetu ufa wake uko ndani kabisa, na huo wa ndani ndio unaowaleta ofisini kwetu sisi wanasihi watu ambao usiku hawalali, na hawajui kwa nini. Mtoto mchanga hana ufa wowote. Akiwa na njaa, ni njaa kuanzia utosini hadi nyayoni.

Kijana wangu wa mlangoni, umeliona tatizo? Wewe umeruka hatua ya katikati. Ukimwambia mtu "wewe mpuuzi", hujatuambia lolote linalotokea ndani yako. Umemweleza yeye, na hapo atakubishia mpaka usiku. Ukimwambia "niliumia uliponikatiza mbele ya watu", atakubishia nini? Lakini ili uyaseme hayo ni lazima kwanza ujue kwamba uliumia, na kujua huko ni kazi ngumu kuliko kufoka.

Nisikilizeni hapa, maana kisa hiki nakirudia kila mwaka na sitaacha. Mnamjua Rogers wa kwenye picha, mzee mpole mwenye upara na miwani. Rogers ninayetaka mumjue ni wa mwishoni mwa miaka ya 1940. Anaongoza kituo cha unasihi, yaani cha ushauri nasaha, cha Chuo Kikuu cha Chicago. Ameshakuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa nchi yake. Ana mteja mmoja, mwanamke mgonjwa sana wa akili, aliyeanza naye tangu alipokuwa Ohio, na sasa mwanamke huyo amehamia karibu na Chicago. Miaka mingi baadaye, mwaka 1967, Rogers aliandika mwenyewe kwamba alimhudumia vibaya. Siku moja yuko naye kwa dhati, mchangamfu, mtu na mtu. Siku nyingine, ugonjwa ukimtisha, anajifunika utaalamu, anakuwa mbali. Leo moto, kesho barafu. Mama yule akajaa chuki juu yake, huku anampenda na kumtegemea, na chuki ile ikampenya Rogers mpaka ndani.

Na Rogers akang'ang'ana. Alijiambia kwamba ni lazima aweze kumsaidia. Akaendelea na vikao muda mrefu baada ya vikao kuacha kuwa tiba, vimebaki mateso kwake mwenyewe. Mwishowe akafika mahali hawezi tena kutenganisha nafsi yake na ya mteja. Akaona anavunjika. Akamkabidhi mama yule kwa daktari kijana wa magonjwa ya akili, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe Helen kwamba ni lazima aondoke, sasa hivi. Ndani ya saa moja walikuwa barabarani. Walikaa mbali na nyumbani miezi miwili, mitatu.

Tulieni kidogo na jambo hili. Mtu aliyekuwa akiwafundisha wengine kuzipokea hisia za wateja alikuwa anazikanyaga za kwake. Hofu ilikuwepo, haikupewa jina, na aliyeihisi ni mgonjwa. Wagonjwa wetu wanatusoma, jamani! Hawawezi kueleza wanachokisoma, lakini wanasoma. Aliporudi alijiona hafai kitu, hafai kama mtaalamu, hafai hata kama mtu. Akakubali kutibiwa na mmoja wa watumishi wa kituo chake mwenyewe. Mkuu wa ofisi akakaa kwenye kiti cha mteja mbele ya mtu aliye chini yake kazini! Nani kati yetu angekubali? Mwaka 1957 alipoandika masharti yake sita ya mtu kubadilika, la pili likasema mteja anakuja akiwa na ule ufa, na la tatu kwamba mnasihi, ndani ya uhusiano ule, awe mlinganifu. Mimi siwezi kuyasoma masharti yale bila kuona watu wawili wanapakia mizigo upesi upesi. Na hakudai uwe mlinganifu maisha yako yote. Alidai saa ile tu, ukiwa na mtu yule.

Najua kuna atakayesimama aseme: Mwalimu, hayo ni ya Wazungu, sisi tuna staha, mtu ukimuuliza habari atasema nzuri hata kama nyumba imeungua. Hapo hamuisikilizi lugha yenu wenyewe! Sikilizeni mpaka mwisho. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo, ila mkubwa kalazwa tangu juzi." Hiyo *ila*! Staha imefungua mlango, na ukweli umeingia nyuma yake bila kumkanyaga mtu. Anayesalimia huku anatembea ndiye asiyeisikia. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wote mnajua uchi ule unaonyeshwa mkunga, hauonyeshwi soko. Kuchagua wa kumwambia hakuvunji ulinganifu. Kinachouvunja ni kujificha wewe kwa wewe.

Kinachonikera ni sisi walimu. Tunawafundisha nyuso. Inama mbele kidogo, itikia kwa kichwa, sema "nakuelewa". Wiki niliyorudi kazini baada ya kumzika mama yangu, mteja mmoja alikatiza maneno akaniuliza, "Dada, nimekuchosha?" Nikatabasamu, nikamwambia, "Hapana, endelea tu." Hakurudi tena. Nilipaswa kusema: "Umeona vizuri. Nina msiba, umenivuta kidogo. Si wewe. Nimerudi, endelea." Ni sekunde kumi. Sikuzitoa, na yeye akaondoka akiamini anachosha watu.

Muda umenitupa mkono. Ufa huu unatoka wapi? Kwa haraka: mtoto anajifunza mapema ni kipi akikionyesha atapendwa. Mvulana anaambiwa mwanamume halii. Huzuni haiendi popote, inapoteza jina tu, na miaka thelathini baadaye inaitwa kichwa kuuma au pombe.

Na kuna jaribio la kadi, la kuupima ufa. Kule kwa Rogers Chicago waliwapa wateja kadi 100 zenye maelezo ya mtu, wazipange mara mbili: nilivyo, na ningependa niweje. Matokeo yalitoka mwaka 1954. Kabla ya tiba, mipango hiyo miwili ilikuwa haihusiani kabisa, kwa hesabu ambayo 1 ni kufanana kabisa, ilikuwa karibu na sifuri. Baada yake ikafika 0.34. Msikimbilie kushangilia. Kundi la watu wasiokuwa na shida ya kutafuta unasihi lilikuwa na 0.58, nao vilevile walikuwa mbali na 1. Tena kipimo hicho ni jirani wa ulinganifu, sicho chenyewe. Mtihani ukiuliza, semeni hivyo.

Nilikuwa na la ndoa na la walimu wa shule za msingi, tuyaache. Kesho wengi wenu mnaanza vikao vya kwanza. Ukishashika kitasa kumfungulia mteja, simama kidogo, ujiulize tumbo lako likoje. Dada wa nyuma pale, umeinua mkono tangu nilipotaja hasira. Nimekuona. Uliza.